Kabla ya Kuziba Ufa, Tafuta Maji

Katika nyumba nyingi za mawe mjini Lamu, ukarabati wa plasta umekuwa kazi ya kila mwaka. Masika yakipita, mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hukwangua palipopasuka, hukoroga saruji na mchanga, huziba, hulainisha, hupaka rangi, hulipwa akaenda zake. Ukuta hupendeza miezi michache. Kaskazi ikiingia, ufa uko palepale au umehamia shibiri moja pembeni, na rangi imeanza kutoka magamba. Lawama humwendea fundi, kwamba amelipua kazi, au bahari, kwamba chumvi ya pwani haikwepeki. Mimi nasema kwamba mara nyingi tatizo ni mambo mawili ambayo mwenye nyumba anaweza kuyarekebisha: ufa unazibwa kabla ya kuzuia maji yaliyouleta, tena unazibwa kwa saruji ilhali ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mifano yangu mingi ni ya Lamu, lakini mwenye nyumba ya kale Pangani, Bagamoyo, Kilwa Kivinje au Mji Mkongwe wa Unguja atakuta ukuta wake umejengwa kwa vitu vilevile.

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu una unene wa nusu mita hivi. Ndani yake mna mawe ya matumbawe ya kila ukubwa yaliyolazwa kwa chokaa na mchanga, mianya ikatomewa kwa kokoto, kisha ukapigwa plasta ya chokaa tabaka juu ya tabaka. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti, yaani karibu mita 3. Ukuta wa namna hii hauna kizuizi cha maji kwenye msingi. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na waashi wa zamani walilijua hilo. Hawakuhangaika kuuzuia unyevu usipande; waliupa njia ya kutokea. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo maji yanayoingia ukutani hutoka yakiwa mvuke, upepo ukayachukua. Isitoshe, chokaa ni laini kiasi. Ukuta ukitanuka kwa jua au ukishuka kidogo kwenye mchanga wake, plasta huufuata, na nyufa nyembamba zinazojitokeza huweza kujaa tena chokaa inayoyeyushwa na unyevu na kuganda upya.

Sasa fikiria kinachotokea ukuta huohuo ukivishwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lililo nyuma yake, nayo hupitisha mvuke kwa shida. Maji yanayopanda kutoka chini yakikuta njia imefungwa hupanda juu zaidi kutafuta penye upenyo. Basi unakuta doa la unyevu lililokuwa usawa wa goti sasa liko usawa wa kifua, juu kidogo ya mahali plasta mpya ilipoishia. Na maji hayo hayaendi peke yake. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na katika mji wa ufukweni chumvi hiyo imo ardhini, imo katika visima vingi, imo hata katika hewa ya kusi. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuwa chembe ngumu. Chembe zikijijenga kwenye uso wa plasta, utaona unga mweupe unaofagilika. Zikijijenga nyuma ya saruji, hazina pa kwenda. Husukuma, mvua ikija huyeyuka, jua likija hujijenga upya na kusukuma tena, mpaka plasta iachane na ukuta. Okota kipande cha plasta ya saruji kilichodondoka, ukigeuze. Mara nyingi mgongoni kimebeba ngozi ya chokaa ya zamani na unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Kipande hicho chenyewe ni kizima, hakijavunjika wala kumong'onyoka. Kilichokufa ni ukuta uliokuwa nyuma yake.

Wengi watanijibu kwamba saruji ni imara, na chokaa ni kitu cha enzi za mababu waliokosa kilicho bora. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilikuwa kwa sehemu kubwa bidhaa ya kuagizwa ng'ambo, na wenye nyumba wa kawaida pwani waliendelea na chokaa. Nyumba za Lamu za karne ya 18 zilikuwa tayari zimesimama zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Huko Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, yaani mwaka 1399, iliyoandikwa kwenye plasta ya chokaa, na tarehe ilibaki ikisomeka baada ya mji wenyewe kuhamwa na kumezwa na msitu. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kazi ya karne ya 14, ina kuta za matumbawe na chokaa zilizopigwa na upepo wa bahari kwa takriban miaka 700. Sidai kwamba chokaa haichakai. Inachakaa, na inataka kupakwa upya mara kwa mara. Ninachodai ni kwamba uimara wa plasta hupimwa kwa jinsi inavyoshirikiana na ukuta wake. Plasta inapaswa kuwa dhaifu kuliko ukuta, ili kitu kikilazimika kupasuka iwe ni plasta, ambayo ni rahisi kubadilisha, na siyo jiwe.

Tukikubaliana hapo, kazi ya kwanza ni kuusoma ufa. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kama ramani huwa ni za plasta yenyewe: ilikauka upesi, au ilikorogwa na simiti nyingi mno. Hazina hatari. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari ni wa ukuta. Huenda msingi umeshuka upande mmoja, au kizingiti kimeoza. Ufa unaolala sambamba na dari, karibu na vichwa vya boriti, unataka boriti zikaguliwe zilipoingia ukutani, kwa kuwa ndimo unyevu hujificha na mchwa hula bila kuonekana. Ufa unaosimama wima kwenye pembe ya kuta mbili hueleza kuwa kuta hizo zinaachana. Kisha gonga plasta kwa kifundo cha kidole, pole pole, ukianzia chini kupanda juu. Palipo pazima hutoa sauti nzito, fupi; palipoachana na ukuta hulia wazi, kama hakuna kitu nyuma. Zungushia penseli kila mahali panapolia wazi. Utashangaa kuona kwamba eneo la kutengenezwa halifanani na lile ulilokuwa ukiliona kwa macho.

Kwa ufa wa ukuta, jua kwanza kama unaendelea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Kisha bandika kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa, kishikwe kila upande kwa simiti kidogo au gundi ngumu, nacho kiandikwe tarehe. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea, kitavunjika. Acha kipite masika na kiangazi. Najua kuna watakaoniambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba kungoja miezi ni uzembe. Lakini ufa unaotembea ukizibwa leo utafunguka kesho, na fedha imekwenda. Zaidi ya hayo, umefunikwa usionekane, na huko ni kujinyima onyo. Kinachotakiwa kufanywa upesi ni kuzuia maji, na hilo halingoji kioo. Ikiwa upana wa ufa umezidi nusu sentimita, au ukuta umefura, au timazi inaonyesha umeinama, usimwite fundi wa plasta. Mwite mhandisi, na uwatoe watu katika chumba hicho. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wakafariki. Nyumba za mawe hustahimili mengi, ila zikichoka huanguka kwa uzito wake wote.

Maji yanatoka wapi? Anzia juu. Paa la bati linalovuja mahali pamoja huweza kuulowesha ukuta mzima, na dari ya chokaa iliyopasuka huyanywa maji ya mvua kimya kimya mpaka boriti zioze. Kopo la kutolea maji ya mvua likivunjika au kuziba, maji huteremka ukutani badala ya kuanguka mbali nao. Angalia pia tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, nazo boriti za mikoko za karne zilizopita hazikuwekwa kubeba tani moja mahali pamoja. Nimesadiki kwamba matangi ya plastiki yaliyopandishwa juu ya nyumba za kale yanaeleza nyufa nyingi za kimshazari kuliko tunavyopenda kukiri. Shuka bafuni: bomba linalotiririka ndani ya ukuta, sakafu isiyo na mteremko, shimo la maji machafu lililochimbwa chini ya ukuta wenyewe. Toka nje: je, kibaraza au njia iliyosakafiwa upya imepandisha ardhi juu ya sakafu ya ndani? Je, ukuta wa nje umezungukwa na zege linalozuia ardhi kukauka, hivyo unyevu wote ukabaki na njia moja tu, ya kupanda ukutani? Marekebisho haya mengi hayahitaji fundi wa plasta hata kidogo, na baadhi yake ni ya bei ndogo kuliko ndoo moja ya rangi.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye plasta. Wakati mzuri ni miezi ya kusi mvua zikishapungua, tuseme Julai hadi Septemba, hewa ikiwa ya baridi kidogo na jua halijawa kali. Ondoa saruji ya zamani pale tu inapolia wazi au inapozuia unyevu. Ilipong'ang'ania jiwe, kuing'oa kwa nguvu huvunja jiwe lenyewe, kwa hiyo tumia patasi na nyundo ndogo, na uvumilivu. Futa unga wa chumvi kwa brashi kavu na uutoe nje. Usiuoshe kwa maji, kwani utakuwa unairudisha chumvi ukutani. Halafu uache ukuta wazi ukauke, wiki kadhaa ikiwezekana. Wenye nyumba wengi hushindwa hapa, maana ukuta uliochunwa ni aibu mbele ya wageni, lakini hakuna hatua yenye faida kuliko hii.

Chokaa ya mfuko hufaa, mradi iwe chokaa ya ujenzi iliyozimwa kiwandani. Ile ya kilimo mara nyingi ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa, nayo haishiki. Iliyokaa dukani na mfuko wazi nayo hufa. Ukitilia shaka, chukua kijiko kimoja, kamulia ndimu: ikitoa povu jingi, imeshageuka jiwe tena, irudishe. Iliyo nzuri iloweke kwenye pipa angalau siku nzima, iwe uji mzito. Ikikaa wiki kadhaa ikiwa imefunikwa na maji, ni bora zaidi. Ukipata chokaa mbichi kutoka tanuri, unapoizima itie chokaa kwenye maji na kamwe usimwage maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka. Fundi avae miwani na glavu, na watoto wakae mbali, maana chokaa ikiingia jichoni inaweza kupofua. Mchanga uwe wa shimo au wa mto, mkali mkononi, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni umejaa chumvi, na kuuleta ukutani ni kuanza upya ugonjwa uliotoka kuutibu. Maji nayo yawe matamu. Visima vingi vya mji wa Lamu vina maji ya chumvi, ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela vinavyohifadhi maji baridi ni tunu. Ukiyaonja maji ukasita kuyanywa, usiyakorogee chokaa.

Kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya uji wa chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Ukoroge kwa muda mrefu na kwa maji machache, mpaka ushikane kwenye mwiko. Loweka ukuta kwa brashi kabla ya kupiga, kwani jiwe kavu litanyonya maji yote ya plasta na kuiacha vumbi. Shimo lenye kina litomewe kwanza kwa vipande vya mawe, lisijazwe plasta tupu. Ufa wa ukuta uliokwisha tulia ufungue kidogo kwa ndani, uoshe vumbi, usukumie chokaa mpaka mwisho wake. Mawe yaliyokatika katikati yang'olewe na pawekwe mawe marefu yanayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, lichorwe mistari kwa ncha ya mwiko ili tabaka la pili lipate pa kushika, na lisifunikwe mpaka kidole gumba kisiweze kuacha alama, jambo linaloweza kuchukua wiki nzima. Tabaka la mwisho ni jembamba, milimita mbili au tatu, kwa mchanga laini. Katika siku hizo zote tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Chokaa haikauki tu ikawa ngumu. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa ikiwa na unyevu, na ikikaushwa kwa siku moja ya jua itabaki unga chini ya ngozi ngumu. Ukiona fundi amepiga matabaka yote mchana mmoja, kazi hiyo haina umri.

Umaliziaji uwe wa chokaa pia. Iyeyushe kwa maji iwe nyepesi kama maziwa, upake mikono minne au mitano kwenye ukuta wenye unyevu kidogo, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke. Nyufa nyembamba kama unywele hujazwa na mikono hiyo tu, bila plasta yoyote. Wapo wanaotia chumvi ya mezani kwenye chokaa ili ishike. Katika mji wa pwani desturi hiyo iachwe. Rangi ya mafuta na rangi za plastiki zinazong'aa hufunga vitundu vyote ulivyohangaikia kuviacha wazi. Na ubao wa jipsamu unaobandikwa mbele ya ukuta mbichi huficha tatizo huku ukioza.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Chokaa ya jadi ilichomwa kwa magogo ya mikoko na minazi, na mawe yake mengine yalitoka kwenye miamba hai ya baharini. Kuvunja matumbawe hai ni kuvunja mazalia ya samaki, na kufyeka mikoko ni kuufungulia mji bahari. Anayeipenda nyumba yake hana haki ya kuitengeneza kwa gharama hiyo. Hata hivyo jibu si saruji, ambayo nayo huanzia kwenye jiwe la chokaa lililochomwa kwa moto mkali zaidi, karibu nyuzi joto 1,450 dhidi ya 900 hivi zinazotosha kwa chokaa. Jibu ni chokaa ya kiwandani, na mawe ya machimbo ya nchi kavu, masalia ya miamba iliyokufa zamani sana. Tena ukarabati unaodumu hutumia chokaa kidogo kuliko ule wa kurudiwa kila mwaka, na mawe yanayodondoka ukutani yenyewe hutumika upya.

Mwenye nyumba ya matofali ya saruji ataona haya hayamhusu. Yanamhusu kwa nusu. Plasta ya saruji inaufaa ukuta wake, lakini kanuni ya plasta kuwa dhaifu kuliko ukuta inabaki: sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga hupasuka kidogo kuliko mchanganyiko uliojaa simiti. Nao umwagiliwe maji kwa siku saba. Kwake hatari kubwa ni nondo. Ufa ulionyooka unaofuata linta au nguzo, wenye doa la kutu, maana yake chumvi imefika kwenye chuma, na chuma kinachoshika kutu hufura na kulipasua zege. Kupaka plasta juu yake ni kujidanganya. Zege lililolegea likatwe, kutu isuguliwe mpaka chuma kionekane, na ikiwa nondo imelika sana, mhandisi aamue.

Imebaki gharama. Ni kweli kwamba fundi wa chokaa hukaa kazini siku nyingi, na malipo yake ya mara moja ni makubwa. Linganisha basi na jumla ya fedha uliyokwisha kuitoa kwa ufa uleule tangu ulipoanza kuuziba, na uhesabu pia rangi, fanicha zilizoota kuvu, na mawe yaliyodondoka pamoja na saruji. Usipoweza kufanya nyumba nzima, fanya ukuta mmoja vizuri na uache mingine. Uliza ofisi ya makumbusho kabla ya kuanza, kwa sababu mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi katika nyumba zake zina taratibu. Unguja, nenda kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Huko ndiko pia utakapoelekezwa kwa waashi wanaoijua chokaa. Wengi wao ni watu wazima, na kazi hii haijaandikwa popote ikatosha kumfundisha mtu asiyewahi kushika mwiko. Ukimpata mmoja wao, mlipe haki yake bila kuvutana, na sharti lako liwe moja: aje na kijana, na kijana huyo apige angalau ukuta mmoja kwa mkono wake mwenyewe.